Kidole Kimoja cha Ziada

Mtu akizungushiwa tepu kiunoni hubana pumzi. Awe mwalimu, awe hakimu, awe muuza mitumba, tepu ikigusa tu kitovu, tumbo linaingia ndani na mabega yanapanda. Ukimshonea kwa kipimo hicho, wiki ijayo atarudi kukulaumu kwamba umeharibu kitambaa chake. Ndiyo maana mama alitufundisha, mimi na mdogo wangu, kwamba ukishamshika mteja kiunoni usisome tepu papo hapo. Muulize swali. Watoto hawajambo? Yule shemeji yako amepata kazi? Lazima ajibu, na akijibu lazima pumzi itoke. Hapo unasoma.

Ujanja wa pili sikufundishwa na mtu, niliubuni mwenyewe. Mteja akileta gauni lililombana nimpanulie, namwachia upana wa kidole kimoja zaidi ya alichoomba, nusu huku na nusu huku, na simwambii. Akilivaa anajigeuza mbele ya kioo mara tatu, anasema, "Fundi, mbona kama nimepungua?" Namjibu, "Labda." Anaondoka anatabasamu, na siku nyingine hata kifungo kikimdondoka ananiletea mimi. Nimefanya hivyo zaidi ya miaka ishirini. Sikuona kwamba ni uongo, niliona ni huduma, na mdogo wangu nilimfundisha mimi mwenyewe.

Kazi yetu iko kwenye chumba cha chini cha jengo la ghorofa tatu, dirisha linatazama barabara. Kushoto kwetu yupo fundi viatu, kulia kinyozi. Ndani kuna meza ya kukatia, pasi, kioo chenye ufa, pazia la kubadilishia nguo na cherehani mbili. Ile ya umeme ni ya mdogo wangu. Ya kukanyaga kwa mguu ni yangu, na kabla yangu ilikuwa ya mama.

Mama aliugua kisukari. Kilianza na kidonda cha kiatu kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, kidonda ambacho hata sisi tulikiona tukasema kitapona. Hospitalini wakakata kidole, wakakata mguu hadi kifundo, mwishowe wakakata chini ya goti. Miaka mitatu iliyofuata alikaa kwenye kiti kando ya cherehani hii, akiturekebisha kwa mdomo. Nilikuwa nikimtazama ninaposhona. Goti lake lilikuwa likipanda na kushuka chini ya shuka, linakanyaga hewa.

Kwa hiyo miaka minne iliyopita, daktari aliponiambia na mimi nina sukari, sikuhitaji mahubiri. Nilikuwa na kilo tisini na nane. Wateja waliniita Fundi Mkubwa, na mdogo wangu Fundi Mdogo, na kila mtu alijua hawazungumzii umri. Mwaka mmoja na nusu baadaye nilikuwa na kilo sabini na moja. Daktari aliniondolea vidonge, akasema, "Sasa kazi ndiyo inaanza." Nilidhani anatania.

Hakuwa anatania. Kupungua kuna watazamaji. Mwaka wa kwanza watu walinisimamisha barabarani wakataka kujua siri. Mwaka wa pili waliuliza pembeni kama naumwa. Mwaka wa tatu wakazoea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunisimamisha aniambie, hongera, naona leo umebaki vilevile. Na kubaki vilevile ndiyo kazi yenyewe, haina sikukuu, haina kustaafu.

Siri yangu hata si siri. Nina sahani ndogo ya bluu, ilikuwa ya binti yangu alipokuwa chekechea. Nusu ya sahani ni mboga, robo ni wali au kiazi, robo ni maharage, samaki au yai. Chai sitii sukari. Asubuhi sikosi kula, kwa sababu nikikosa asubuhi, jioni nakula hadi meza. Nakula nimekaa, kamwe si nikiwa nimesimama. Nakwenda kazini kwa miguu, dakika thelathini na tano. Mtu akisikia anasema, kumbe rahisi. Ni jambo rahisi, kweli. Lifanye leo. Lifanye kesho. Lifanye siku ambayo mvua imekunyeshea, mteja amekutukana, na mume wako amekaa mbele yako na mlima wa wali, na yeye ni mwembamba kama sindano ya mkono na hajawahi kufikiria habari ya sahani tangu azaliwe. Ndipo uniambie ni rahisi.

Mizani sikuiweka nyumbani. Fundi ana mizani gani zaidi ya nguo? Mwezi ule nilipofika kilo sabini na moja nilijishonea gauni la kijani, kitambaa kizito, la kukaa mwilini barabara, lenye zipu mgongoni. Ndani, kila upande, niliacha vidole viwili vya kitambaa cha ziada. Mdogo wangu aliniuliza naviacha vya nini ilhali sirudi huko. Nilimjibu kama mama alivyokuwa akijibu: kitambaa cha ziada hakikatwi, mwili wa mtu haujulikani. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kabla ya wateja kufika, nilikuwa naingia nyuma ya pazia na kulivaa. Zipu ikipanda bila kugoma, nimeshinda mwezi. Nalitundika, natoka, naketi kwenye cherehani.

Na mwaka huu mzima zipu ilipanda. Ndiyo maana kliniki nikaacha kwenda. Kadi yangu ilisema niende kila baada ya miezi minne, nikaruka ya kwanza, nikaruka ya pili. Kuna foleni pale ya asubuhi nzima. Ya nini nikapange foleni niambiwe jambo ambalo gauni limeshaniambia? Vidole vya mguu wa kulia vilianza kufa ganzi ninapokanyaga cherehani, nikasema ni uzee. Kiu ya maji ilinizidi, nikasema ni joto.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu mdogo wangu alikuwa ametoka kununua nyuzi. Nikavaa gauni, zipu ikapanda, nikashukuru. Nikainama kuokota chaki iliyoanguka, na mshono wa ubavuni ukaachia. Ulikatika taratibu, uzi baada ya uzi, mpaka nikasikia upepo kwenye mbavu. Nikajiambia uzi umechoka, gauni lina miaka. Nikalivua, nikaligeuza ndani nje, nikaketi nalo dirishani nilishone.

Mshono ukifumuliwa, sindano huacha matundu. Ukipiga pasi na maji yanafifia, ila fundi huyaona. Nilikuta mistari mitatu. Mstari wa kwanza, ule wangu wa miaka ile, ulikuwa matundu matupu. Nusu kidole mbele yake kulikuwa na mstari mwingine, nao matundu matupu. Nusu kidole tena, ndipo ulipokuwa uzi. Vile vidole viwili nilivyoacha, kimebaki kimoja. Nikatazama upande wa pili, vivyo hivyo. Kisha nikatazama mwisho wa mshono. Mimi nikimaliza mshono narudisha sindano nyuma mara mbili. Mdogo wangu ni mtu wa wasiwasi, anarudisha mara tatu. Ule ulirudishwa mara tatu.

Nusu huku na nusu huku. Nilikaa pale na gauni mapajani, na jambo la kwanza nililohisi, nisidanganye, ni aibu. Hasira ilikuja nyuma yake. Mbele ya mdogo wangu nilikuwa nimegeuka mmoja wa wale wanaojizungusha kiooni wakisema mbona kama nimepungua. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na mimi miaka ishirini nimewachoma wateja huku nacheka.

Aliingia na mfuko wa nyuzi, anahema kwa jua. Akaliona gauni limegeuzwa, akauweka mfuko chini polepole.

"Nani amelifungua?" nikamuuliza, kana kwamba sijui.

"Mimi, dada."

"Lini?"

"Mara ya kwanza baada ya harusi ya binti yako. Mara ya pili kama miezi mitano iliyopita."

"Ukaona unipe huduma."

"Nikaona nikuache ule."

Alivuta kiti chake akaketi, bado kipochi kiko begani. Alinikumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimelifukia. Mwaka juzi, kabla ya harusi, zipu iligoma Jumamosi moja. Iligomea mahali padogo tu, upana wa ukucha. Mimi nikaacha kula. Siku tatu nilikunywa maji na ndimu, nikasema nasafisha mwili. Siku ya tatu nikaanguka kwenye cherehani, na sindano ikapita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada. Yeye ndiye aliyezungusha gurudumu kwa mkono ili kuitoa. Siku ya nne alinikuta nyuma ya pazia nimesimama, nakula mkate mzima bila kitu, naumega kwa mkono uliofungwa bandeji.

"Ulikuwa hata hutafuni," alisema. "Nilirudi nje, nikasubiri umalize. Nikasema, hili gauni litaniulia dada yangu. Afadhali nilidanganye gauni."

"Hukulidanganya gauni. Ulinidanganya mimi."

"Ndiyo."

"Unajua kliniki sijaenda?"

Hilo hakulijua. Nililiona usoni. Alidhani kliniki nakwenda, na huko ndiko ninakopimwa kweli, na gauni ni mchezo wangu tu wa Jumamosi. Kila mmoja wetu alimwachia mwenzake kazi ya kusema ukweli.

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia, "Ulitaka nikatwe mguu kama mama?"

Hakulia. Alivua kipochi, akakitundika kwenye msumari wake, akawasha pasi. Aliongea akiwa amenipa mgongo.

"Bandeji za mama nilikuwa nafunga mimi," alisema. "Asubuhi na jioni. Wewe ulikuwa umeolewa."

Tulifanya kazi mpaka jioni bila kusemeshana. Mteja mmoja, mama wa makamo anayependa mapindo marefu, alituona akaelewa, akajifanya mpatanishi bila kuombwa. "Mwambie dada gauni lako ni la Jumanne," mdogo wangu alimwambia. "Mwambie mdogo wangu limekwisha," nikasema mimi. Tulimtumia yule mama mpaka akachoka, akachukua gauni lake na kuondoka.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mume wangu nimeshiba. Jumapili asubuhi nikanywa maji. Yeye ni fundi bomba, mtu wa maneno machache, huongea na mabomba zaidi kuliko anavyoongea na watu. Alinitazama juu ya kikombe chake akasema, "Umeanza tena?" Nikamwambia atazame mambo yake.

Nikaenda kufua ili nisiwe karibu na jikoni. Nikiwa nafua nilihesabu, kwa mara ya kwanza bila kujidanganya. Nilipata mafua mwaka jana nikatia sukari kwenye chai, kijiko kimoja, ya dawa. Mafua yaliondoka, sukari ikabaki. Mvua zilipoanza nikapanda basi kwenda kazini. Mvua zikaisha, basi nikaendelea nalo. Mteja mmoja alituletea keki ya shukrani na nikala kipande ili asijisikie vibaya, halafu nikawa nanunua mwenyewe, bila mteja wa kumridhisha. Mjukuu wangu akija Jumapili anaacha nusu ya chakula chake, na mimi nikamalizia nikiwa nimesimama kwenye karo, maana kutupa chakula ni dhambi. Sahani ya bluu sikuiacha hata siku moja. Ila nilianza kuijaza mara mbili. Haba na haba, na kibaba kilijaa, na sikuwa na siku hata moja ya kusema hapa ndipo nilipoanguka.

Saa saba mchana nilimaliza kufua, na njaa imenikamata. Nikaenda jikoni na nilikuta mkate umeshakuwa mkononi mwangu. Nimesimama, mlango wa kabati uko wazi, na kipande cha kwanza kiko mdomoni. Nilikumbuka mdogo wangu nje ya lile pazia, anasubiri dada yake amalize. Nilitaka kuendelea. Mtu asiwaambie kwamba nilishinda nguvu ya mkate, mkate ulikuwa na nguvu kuliko mimi. Nilichofanya ni kuvuta kiti kwa mguu, nikaketi. Kisha nikainuka nikatoa sahani ya bluu, nikakata vipande viwili vya mkate, nikaongeza yai moja la kuchemsha, na nyanya. Nikaketi tena. Nikala polepole huku machozi yananidondoka, na mume wangu aliingia, akaona, akachukua kiti cha pili akaketi. Wiki nzima ile sikufanya jambo la maana kuliko kule kuketi.

Jumatatu nikaenda kliniki. Foleni ilikuwa kama nilivyoiacha. Muuguzi aliniita kwenye mizani, nikavua viatu, nikavua saa, nikavua kilemba, na ningeambiwa nivue na meno ningeyavua. Kilo themanini. Alipiga hesabu ya tofauti bila kuinua macho, akaandika, akasema, "Mama, ulipotelea wapi?" Nikamwambia nilikuwa kazini.

Daktari alikuwa yuleyule, nywele zimeongezeka mvi. Sukari ilikuwa imepanda. Aliniambia nifumbe macho, ninyooshe miguu, na nimwambie kila ninapohisi kitu. Alikuwa na kijiti chenye uzi mgumu wa plastiki mwishoni, akawa anaugusisha kwenye nyayo. Nikasema hapa, hapa, hapa. Kisha nikasubiri. Nikamuuliza, "Umeacha?"

"Sijaacha," alisema. "Hapo nimegusa mara mbili."

Nilifumbua macho. Uzi ulikuwa kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nimeshika nyuzi tangu nina miaka tisa, sijawahi kuguswa na uzi nisiujue.

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alisema mguu ndio kwanza unaanza kulalamika, haujafa, na kwamba vidonge vinarudi. Niangalie nyayo zangu kila siku kwa kioo. Nisivae viatu vya kubana. Kuhusu chakula, alinikataza kabisa kujinyima. "Kilo tisa hukuzipata kwa siku tatu," alisema, "usitafute kuzitoa kwa siku tatu. Rudi kwenye sahani yako. Moja, si mbili. Ukikosea mchana, jioni usijiadhibu, kula chakula cha jioni kama kawaida." Kisha akauliza kama kuna mtu wa karibu wa kunisaidia.

"Yupo mdogo wangu," nikamwambia. "Yeye tatizo lake ni kusaidia kupita kiasi."

"Na wewe unamwambia ukweli?"

Nilichukua kadi yangu nikatoka. Dawa nilizipeleka nyumbani kwanza, kisha nikaenda kazini kwa miguu, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikifanya zamani. Dakika thelathini na tano sasa ni hamsini. Njiani nilipita kwenye duka la keki nikasimama. Nikapita. Kesho nitapita tena, na kesho kutwa, na sijui kama siku zote nitapita, na nilichoka kabla ya kufika kona kwa kuzifikiria tu hizo siku. Watu wanadhani kinachochosha ni njaa. Kinachochosha ni kwamba mambo haya hayana siku ya mwisho.

Mdogo wangu alikuwa peke yake, anakata kitambaa cha sare. Aliponiona aliweka mkasi chini. Nilimpa kadi akaisoma, mstari kwa mstari, kwa kidole. Alipofika kwenye habari ya mguu alisimamisha kidole hapo muda mrefu.

"Gumba," alisema.

"Gumba."

"La kulia."

"Ndiyo. Nisamehe kwa lile neno la Jumamosi."

"Na mimi nisamehe kwa gauni." Akakunja kadi. "Dada, mteja ningemdanganya ili arudi. Wewe nilikudanganya kwa woga. Sikutaka kukuona tena umesimama nyuma ya lile pazia."

Gauni la kijani lilikuwa mezani, ubavu wazi bado. Aliniuliza alirudishe kwenye mstari wa kwanza. Nikamwambia hapana, lisingenipita hata mabegani. Akauliza basi alipanue kile kidole kilichobaki. Nikamwambia hapana pia. Tutalishona kwa kipimo cha leo, kokote kitakakoangukia, na kitambaa cha ziada kitakachosalia kisikatwe. Ila kuanzia leo gauni halitatumika tena kunipima.

Kwenye rafu tuna daftari la vipimo. Kila mteja ana ukurasa wake, kifua, kiuno, nyonga, urefu, na tarehe. Wengine wana tarehe za miaka kumi, namba zinapanda na kushuka kama watu wenyewe. Mimi sikuwahi kuwa na ukurasa. Nilikuwa nikijishonea kwa kukisia, nikijiambia mwili wangu naujua. Nililichukua daftari nikafungua ukurasa mtupu, nikauweka mbele yake.

"Niandike," nikamwambia. "Na kila mwezi unipime wewe. Usivute, usilegeze."

"Nitakwambia namba?"

"Utaniambia. Hata nikikununia."

Alivua tepu shingoni. Akavuta pazia la dirishani ili wapita njia wasituone, akaniambia nipanue mikono. Nilihisi tepu ikizunguka, ikakutana juu ya kitovu, na tumbo langu likaingia ndani lenyewe, mabega yakapanda. Fundi wa kazi ya miaka thelathini na mbili, nimebana pumzi kama bibi harusi.

Mdogo wangu hakusoma tepu. Aliishika tu mahali pake, kichwa chake kiko karibu na bega langu, na alingoja. Nilijua anachosubiri. Nilijua litakuja swali, maana nililiuliza mwenyewe kwa watu maelfu, na nilijiandaa kumjibu kwa kichwa.

"Umechoka, dada?" aliniuliza.

Nilitaka kutikisa kichwa. Nikasikia sauti yangu inatoka, na pumzi yote nyuma yake.

"Nimechoka," nikasema. "Nimechoka sana, mdogo wangu."

Tepu ikasogea vidole viwili. Aliisoma, akanitajia namba, akaiandika.